Alama Sifuri kwa Kiranja

"Alikuchekesha nini?"

"Nani?"

"Usiniulize nani. Nimekaa hapo sebuleni, namsikia mke wangu anacheka peke yake kama kapandwa na kichaa. Nakuuliza, alikuchekesha nini?"

"Alienda kufungua geti."

"Geti?"

"Tuko katikati ya hesabu, anasema ngojeni kidogo, anaenda kufungua geti. Akirudi kashasahau tulipofika. Leo mara ya nne. Ndiyo nikacheka."

"Kwa hiyo ana geti."

"Geti la kazini kwake, Fundi. Mbona umeling'ang'ania geti la watu?"

"Na yule wa tatu? Si ulisema mko watatu kwenye hicho kikundi?"

"Mama Mapacha mtandao wake unasumbua. Anatuandikia tu."

"Haongei."

"Haongei."

"Basi mko wawili."

Dokta akavua visikizio masikioni, akaviweka juu ya meza taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Tuko watatu. Mfumo wa chuo ndio uliotupanga, sikuchagua mtu. Majina yanaingia, yanachanganywa, unaamka asubuhi unakuta uko kikundi namba tisa."

"Mfumo ni nani?"

"Ni kompyuta, mume wangu."

"Kwa hiyo kompyuta ndiyo iliyokutafutia mwanaume."

Dokta akavaa visikizio vyake, akamgeuzia mgongo. Na ule mgongo ndio uliomuuma Fundi kuliko maneno, maana ulikuwa umeegemea kiti alichokishona yeye mwenyewe.

Ngoja nikwambie hawa ni akina nani. Fundi anashona makochi. Shule aliiacha mapema, akaona ubao na chaki havimtaki, akakimbilia sponji na misumari, na kusema kweli mkono wake ni dawa. Ukikalia kochi lake husimami mpaka ufukuzwe. Mkewe anauza kwenye duka la dawa. Siyo daktari, ila mtaa mzima unamwita Dokta, kwa sababu watu wakishanunua vidonge wanamwaga na shida zao zote pale kaunta, na yeye anasikiliza.

Alipoanza kusomea shahada ya usimamizi wa huduma za afya, Fundi ndiye aliyepiga kelele za furaha kuliko wote. Chuo chenyewe hakina darasa wala kengele. Darasa liko ndani ya kompyuta. Mwalimu anajirekodi, unamsikiliza saa unayotaka, unamsimamisha ukachemshe chai, unamrudisha nyuma akisema kitu hujaelewa. Kazi unaituma humo humo, na saa ikifika mfumo unafunga, hausikii kilio cha mtu. Fundi alimtengenezea meza chumbani, akamshonea na kiti, sponji nene ile anayoiweka kwa wateja wenye hela zao.

"Kalia hicho mpaka uwe profesa," alimwambia siku ile.

Sasa ulikuwa mwaka wa mwisho, muhula wa mwisho. Dukani kwao kulikuwa kunafunguliwa tawi jipya, na bosi alishasema wazi: msimamizi lazima awe na shahada. Bado somo moja. Alama arobaini za kazi ya kikundi, sitini za mtihani. Ukipata hamsini, umevuka.

Lakini Fundi hakuwa anahesabu alama. Alikuwa anahesabu vicheko. Jumanne viwili. Alhamisi vitano. Siku moja alichungulia jukwaa lao la majadiliano, kule wanafunzi wanakoandikiana, akakuta mkewe kaandika: "Nakubaliana kabisa na mwenzangu Kiranja." Kiranja ndilo jina walilompa huyo jamaa, kwa kuwa anaongoza kikundi. Fundi akaisoma ile sentensi mara tatu. Ndoa ina miaka sita. Hajawahi kukubaliwa kabisa hata kwenye rangi ya pazia.

Karakana ni banda la mabati, na ndani yake wako wawili: Fundi na Msumari. Msumari anatengeneza fremu za mbao, Fundi anavalisha. Mdomo wa Msumari haujawahi kupigwa randa.

"Mwenye geti ana ukuta," Msumari alisema huku akipima mbao kwa jicho moja. "Mwenye ukuta ana gari. Wewe mlango wa chumba chako wenyewe haufungi."

"Nitautengeneza."

"Unasema hivyo tangu ulipooa. Au unauacha makusudi umchungulie?"

Fundi akapiga stepla kwenye kitambaa, moja, mbili, tatu, karibu ajipige kidole.

"Kwani mtu anasoma na mke wa mtu, kuna ubaya gani?" akauliza, kama vile anaulizia mtu mwingine.

"Hakuna. Zamani mtu akimtaka mke wako alipita mbele ya nyumba akikohoa. Unatoka, unamfukuza. Siku hizi anaingia mpaka chumbani kupitia waya, na kifurushi cha intaneti unalipa wewe."

"Nyamaza ufanye kazi."

"Nimenyamaza." Akanyamaza kama pumzi mbili hivi. "Ila kaka, mwanaume mwenye geti."

Lile geti likamwingia Fundi kichwani likakaa. Usiku analiota. Alimuona Kiranja kavaa shati jeupe, saa inang'aa, anabonyeza kitufe, geti linajifungua lenyewe.

Jumamosi mchana Dokta alikuwa mezani, simu ikaita. Mwenzake wa zamu kaugua, dukani hakuna mtu.

"Narudi kabla ya saa kumi," akasema huku anatafuta viatu. "Kompyuta usiiguse. Nimempa alama Mama Mapacha, bado Kiranja tu. Mfumo unafunga saa kumi jioni."

"Alama za nini?"

"Kazi ya kikundi ikiisha, kila mtu anawapa wenzake alama. Kwa siri. Aliyejituma anajulikana, aliyelala anajulikana. Usiiguse, sawa?"

"Sawa."

Akatoka. Fundi akala, akaosha sahani, jambo ambalo lenyewe lilikuwa dalili mbaya. Halafu akasimama mlangoni, ule mlango usiofunga, akaitazama kompyuta. Ilikuwa wazi. Inamwangalia.

Akakaa kwenye kile kiti.

Fundi anasoma polepole, kidole kikifuata mstari. "Mpe mwenzako alama kuanzia sifuri hadi kumi. Alitimiza sehemu yake? Aliwaheshimu wenzake? Alihudhuria vikao? Maoni yako ni siri." Juu kabisa, jina la Kiranja.

Akaweka sifuri. Mkono ukawa mwepesi. Akaweka sifuri ya pili, na ya tatu. Pale penye maoni akafikiri sana. Alitaka kuandika, mimi ndiye mwenye mke na nyundo ninayo. Akaona hapana, huo ni ujinga, watajua. Akaandika kwa sauti ya mkewe:

"Huyu hafanyi kazi, kazi yote nafanya mimi. Ananisumbua, ananitaka kimapenzi na mimi nina mume wangu. Naomba aondolewe."

Akabonyeza Tuma. Alama ya vema ikatokea, ya kijani, nzuri kabisa. Fundi akajisikia kama mtu aliyepiga msumari ukazama kwa pigo moja.

Saa tisa na nusu Dokta akarudi mbio, jasho linamtoka, hata viatu hajavua.

"Mbona inasema nimeshawasilisha?"

"Labda ulibonyeza wakati unakimbia."

"Nilibonyeza?"

"Ulikuwa na haraka mke wangu. Ulikuwa unatafuta viatu huku unabonyeza."

Dokta akaitazama skrini, akamtazama mumewe. "Basi sijui nilimpa ngapi maskini," akasema. "Yule kajituma kuliko sisi sote."

Fundi akaenda kuosha mikono ambayo haikuwa na kitu.

Karibu wiki mbili zilizofuata zilikuwa tamu. Jumanne hakuna kicheko. Alhamisi hakuna kicheko. Kikundi kimemaliza kazi yake, kila mtu anajisomea mtihani. Fundi akapiga mluzi karakana nzima mpaka Msumari akamuomba apumzike.

Kisha jioni moja ya Ijumaa, Dokta akaita kutoka chumbani. Sauti haikuwa yake.

"Fundi. Njoo unisomee hiki, labda macho yangu."

Ilikuwa barua pepe ya chuo. Fundi akaisoma na kidole chake. Kwamba malalamiko yake dhidi ya mwanakikundi mwenzake yamepokelewa. Kwamba mtuhumiwa amesimamishwa, hataruhusiwa kufanya mtihani mpaka shauri liishe. Kwamba mlalamikaji anatakiwa kufika mbele ya kamati, kwa njia ya video, Jumatano saa nne asubuhi, athibitishe maneno yake.

"Nimemshtaki mtu?" Dokta alisema. "Mimi? Yule baba wa watu kanikosea nini?"

Hapo ndipo Fundi alipotakiwa kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Kilichotoka ni hiki:

"Labda wamekosea jina."

Dokta alilia mpaka akalala na nguo za kazini. Fundi akakaa sebuleni, mlango uko wazi kama kawaida, anamuona. Aliutaka ukimya, kaupata. Kumbe ukimya wenyewe ndio huu.

Kesho yake, karakana, simu ikaita. Namba ngeni.

"Shemeji, shikamoo."

"Marahaba. Nani?"

"Samahani kwa kukusumbua. Mimi ni yule anayesoma na Dokta, wananiita Kiranja. Namba yako aliiweka Dokta mwenyewe kwenye kikundi. Alisema, 'mtandao wangu ukigoma mtanipata kwa mume wangu, hana shida.'"

Fundi akakaa juu ya sponji.

"Shemeji, uko hewani?"

"Nipo."

"Sitaki kumpigia yeye, wasije wakasema namtisha. Nakuomba wewe muulize, nimemkosea nini? Kama kuna neno nilisema vibaya niombe radhi. Mimi mtu mzima shemeji, nina miaka arobaini na mbili. Shule niliacha nikiwa mtoto, nimerudi uzeeni. Mke wangu anauza vitumbua nisome mimi. Nimemwambia jana kwamba nimesimamishwa, akaniuliza kwa kosa gani. Nimeshindwa kumtajia. Naanzaje kumtajia? Ngoja kidogo shemeji, usikate. Gari."

Fundi akasikia honi. Akasikia mnyororo, kufuli, chuma kikiburuzwa chini. Sauti ya mtu ndani ya gari ikifoka, mbona unachelewa, na Kiranja akijibu, samahani bosi, samahani. Chuma kikaburuzwa tena.

"Nimerudi. Tulikuwa wapi?"

"Wewe..." Fundi akainuka. "Wewe kazi yako ni nini?"

"Nalinda geti la shule moja hapa. Kibandani. Si ndiyo maana Dokta ananichekaga, kila tukianza hesabu gari linakuja. Hakukwambia?"

"Aliniambia," Fundi akasema. "Sikumsikia."

Simu ilipokatika, Msumari akauliza: "Nani huyo?"

"Mwenye geti."

"Ana gari gani?"

Fundi akavua aproni, akaitundika, akatoka.

Duka la dawa lilikuwa limejaa. Dokta yuko nyuma ya kaunta, macho mekundu, anahudumia. Fundi akajipanga kwenye foleni kama mgonjwa. Zamu yake ilipofika akainamia kaunta.

"Ni mimi."

"Naona ni wewe. Unaumwa?"

"Ile ya kompyuta. Ile sifuri. Ni mimi niliyeandika."

Dokta hakusogea. Nyuma ya Fundi mama mmoja akasema: "Dada, mimi wangu anakohoa tangu jana, nipe haraka."

"Ana umri gani?" Dokta akauliza, macho bado yako kwa mumewe.

"Minne."

Dokta akachukua chupa, akaandika juu yake. "Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula. Usizidishe." Akapokea hela, akarudisha chenji. Kisha kwa sauti ile ile: "Uliandika nini hasa?"

"Kwamba anakutaka."

"Kwa jina langu."

"Kwa jina lako."

"Ukiwa umekaa wapi?"

"Ee?"

"Nakuuliza ulikaa wapi ukiandika."

Fundi akaangalia chini. "Kwenye kiti."

"Kiti ulichonishonea." Dokta akaguna. "Na jana unaniona nalia, ukaniambia wamekosea jina."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi ndiye niliyekuwa naogopa. Nilifikiri naanza kusahau mambo. Nilifikiri nimeandika usiku nikiwa usingizini. Nimejipima mpaka presha, Fundi, hapa hapa dukani."

Mzee mmoja akakohoa kwenye foleni. "Dokta, samahani, kama mazungumzo ni marefu mimi nataka tu za miguu."

"Nakuja mzee wangu." Akamtolea. Akarudi. "Unajua umenifanyia nini? Nikiwaambia Jumatano kwamba ni mimi niliyeandika, namzika mtu ambaye hajanigusa. Nikisema siyo mimi, kanuni inasema ukiacha mtu mwingine aingie kwenye akaunti yako, kosa ni lako. Wananikata. Nichague nani azikwe?"

"Mimi."

"Wewe hukusajiliwa. Hawana cha kukufuta."

"Nitakaa pembeni yako niseme. Neno kwa neno."

"Ondoka hapa, Fundi. Nina wateja."

"Dokta..."

"Wivu ninaujua. Mtu akinionea wivu namsamehe, hata kupika nampikia. Lakini umechukua mdomo wangu ukausemea uongo. Sasa sijui nikifungua mdomo nyumbani kwangu, anayeongea ni nani. Mzee wa nyuma yako, njoo."

Jumatano saa nne asubuhi walikaa mbele ya kompyuta, yeye kwenye kile kiti, Fundi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Hawakuwa wamesemeshana siku nne zaidi ya chumvi iko wapi. Skrini ikagawanyika vyumba vitatu. Kimoja mama mmoja mwenye miwani, mwenyekiti wa kamati. Cha pili kijana anayesimamia mfumo wa chuo. Cha tatu kibanda cha mabati, ndoano ya funguo ukutani, na mwanaume mwembamba aliyevaa kofia ya ulinzi, ameshika kitambaa anajifuta jasho. Shati si jeupe. Saa hana.

"Mwanafunzi, huyo pembeni yako ni nani?" Mwenyekiti akauliza.

"Mume wangu."

"Kikao hiki ni cha mwanafunzi peke yake. Naomba atoke."

"Mama," Dokta akasema, "yeye ndiye mwandishi."

Kijana wa mfumo akaacha kutafuna kalamu.

Fundi akajisogeza mpaka sura yote ikaingia. "Mimi sijasoma," akaanza. "Sitaongea vizuri. Siku ile mke wangu aliitwa kazini, akaacha kompyuta wazi, akanikataza nisiiguse. Nikaigusa. Zile sifuri niliweka mimi. Yale maneno niliandika mimi. Huyu baba sijawahi hata kumuona mpaka leo. Nilisikia mke wangu anacheka naye, nikaumia, basi. Hakuna kingine. Na alipouliza nani katuma, nikamdanganya kwamba ni yeye. Hilo pia liandikeni."

"Kwa nini uliandika kwamba anamtaka?"

"Kwa sababu mimi ningemtaka."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mshtakiwa, una la kusema?"

Kiranja akafungua mdomo, na pale pale honi ikalia. Akageuka, akaangalia dirishani, akaangalia skrini. "Mwenyekiti, naomba radhi. Gari."

Akatoka kwenye picha. Kikao kizima kikabaki kinatazama ndoano ya funguo. Mnyororo, kufuli, chuma kikiburuzwa. Fundi akamtazama mkewe. Midomo ya Dokta ilikuwa imebanwa, mabega yanatetemeka, anapigana na kicheko kama mtoto msikitini. Fundi akaona kumbe ndicho hiki. Kicheko chote alichokihesabu wiki kwa wiki, ndicho hiki tu.

Kiranja akarudi anahema. "Tulikuwa wapi?"

"Kwako," akasema Mwenyekiti.

"Mimi sina la kusema. Nataka tu mke wangu aambiwe kwa barua kwamba sikufanya. Mengine nimuachie Mungu." Akajifuta jasho. "Na shemeji, siku ingine nipigie unitukane. Namba si unayo."

Kamati ikasema wasubiri. Kabla ya adhuhuri majibu yakaja. Kiranja hana kosa, amerudishiwa kila kitu, na barua ataandikiwa. Mwanafunzi aliyeacha akaunti wazi anaonywa, na alama zake zote za kazi ya kikundi, thelathini na nne, zimefutwa. Kufaulu kunabaki kule kule: hamsini. Na mtihani una sitini tu. Ataufanya chini ya kamera na msimamizi, peke yake chumbani. Akionekana mtu mwingine mtihani ukiwa umeanza, hata kivuli, umefutwa.

"Hamsini kati ya sitini," Dokta akasema. "Sijawahi kupata hamsini kati ya sitini."

"Utapata."

"Usinifariji. Sijakusamehe. Nina wiki tatu za kusoma, na msamaha unataka muda."

"Nifanye nini?"

"Usinifanyie kitu. Umenifanyia vingi."

Kwa wiki tatu Fundi alipita nyumbani mwake kama mpangaji mwenye deni. Alipika, alifua. Hakuchungulia. Lakini usidhani wivu ulihama, wivu hauna nauli ya kuhamia. Dokta akisoma na sauti ya mwalimu ikitoka, sauti nzito ya kiume, Fundi shingo ilimwasha. Aliikuna tu, akaendelea kuosha vyombo.

Asubuhi ya mtihani alibeba bisibisi, randa na bawaba mbili mpya. Dokta akamkuta amepiga magoti mlangoni.

"Unafanya nini?"

"Mlango."

"Leo?"

"Leo ndiyo unahitaji kufungwa."

Akapunguza mbao chini pale ilipokuwa ikigusa sakafu. Akafunga bawaba. Akaweka na komeo upande wa ndani, siyo nje. Dokta alikuwa anapanga kalamu mezani, lakini alikuwa anamtazama.

"Miaka sita," akasema.

"Ilikuwa kazi ya nusu saa."

"Kwa hiyo ulikuwa unauacha makusudi."

Fundi akapuliza maranda. "Nilikuwa napenda kukuona."

Kompyuta ikalia. Saa tatu kamili. Dokta akakaa kwenye kiti, akanyoosha mgongo. Kwenye skrini akatokea kijana, shati jeupe, sauti tamu ya redio.

"Habari ya asubuhi mwanafunzi. Mimi ndiye msimamizi wako. Kabla hatujaanza, zungusha kamera taratibu nione chumba chote."

Dokta akainua kompyuta, akaizungusha. Dirisha. Kitanda. Ukuta. Mlango, na mwanaume aliyesimama mlangoni na bisibisi mkononi.

"Namuona mtu. Huyo ni nani?"

"Mume wangu."

"Anabaki?"

Dokta hakumjibu msimamizi. Alimuuliza Fundi, kwa macho kwanza, kisha kwa mdomo. "Unabaki?"

"Natoka," Fundi akasema.

"Vizuri sana," msimamizi akasema. "Sasa mwanafunzi, kaa, sogea karibu na mwanga nikuone uso wote. Hapo. Hapo umekaa vizuri."

Damu ikampanda Fundi mpaka masikioni. Bisibisi ikakazwa kiganjani. Msimamizi akasema jambo jingine kwa sauti ya chini, Fundi hakulikamata, na Dokta akacheka. Kicheko kifupi, cha kwanza ndani ya nyumba ile baada ya wiki nyingi.

Swali lilikuwa tayari ulimini. Alikuchekesha nini.

Fundi akalimeza. Akauvuta mlango, ukaja mwepesi bila kukwaruza, ukaingia kwenye fremu yake ukafunga. Kutoka ndani akasikia hatua mbili na komeo likisukumwa. Akasimama kidogo akiutazama ubao, mbao tupu, hakuna ufa hata wa kupitisha sindano. Kisha akageuka, akatia bisibisi mfukoni, akaondoka kwenda kazini.